Herufi Zilizoshiba

SWALI: Shikamoo Mzee wa Chapa. Nimemaliza diwani yangu ya kwanza, niliyoiita Mng’aro, na ninaipanga mwenyewe kwenye kompyuta. Fonti ya Cooper Black imeniteka, nikaitumia jaladani na kwenye mashairi yote ndani. Lakini kurasa za majaribio zimetoka kama madoa ya wino. Tena nikipiga mstari chini ya neno, herufi o inazama chini ya mstari, wakati m na n zimekaa sawasawa. Je, nimepata fonti mbovu? – Malenga Mchanga

JIBU: Marahaba, Malenga. Nianze na hiyo o, maana umeona jambo ambalo wengine huchapa miaka kumi bila kuliona. Si ubovu. M inakanyaga mstari kwa miguu mitatu. O inaugusa kwa tumbo tu. Ukizipa kimo kimoja kwa rula, jicho litaiona o imesinyaa na inaelea. Kwa hiyo mchoraji wa fonti huipandisha kidogo juu na kuishusha kidogo chini, ili zionekane zimelingana. Karibu kila fonti iliyochorwa kwa uangalifu iko hivyo, ila kwenye herufi nono na kubwa ndipo unapoikamata. Iache.

Madoa, hayo ni yako. Cooper Black ilichorwa na Oswald Cooper wa Chicago, ikatolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi za risasi cha Barnhart Brothers & Spindler, na kazi yake ilikuwa matangazo. Itazame kwa ukubwa wa pointi 72. Serifu zake, yaani vile vijiguu vya kwenye ncha, havina kona. Vimeviringwa kama mito ya kulalia. Tundu la o limeegemea nyuma, kama mtu aliyeshiba. Sasa ishushe hadi pointi 11 uitazame a. Kitumbo chake kimebaki tundu la sindano, na wino ukitambaa kidogo tu kwenye karatasi, kimezibika. Na Kiswahili hakina huruma hapo: hesabu a katika ubeti mmoja wa mashairi yako. Fonti hii ikiwa ndogo, inaumia kwetu kuliko kwa wenye lugha za konsonanti nyingi.

Wengi hudhani tunasoma weusi wa herufi. Mimi hutazama weupe uliofungiwa ndani yake, na ukiniletea kurasa zako nitaanza hapo. Kwa mashairi ya ndani tumia Garamond, fonti iliyozoeleka vitabuni, ya pointi 11 au 12, na Cooper Black ibaki jaladani. Vichwa vya mashairi navyo vitoe kwa Garamond. Ukiweka kelele kila ukurasa, jalada halitakuwa na la kusema.

Halafu, tafadhali, usibonyeze kitufe cha kukoza juu ya Cooper Black. Nimeona watu wakifanya hivyo. Fonti yenyewe ni nene tayari. Kompyuta isipopata nene zaidi yake huivimbisha kwa nguvu, na vitundu vyote vinakufa.

Je, inafaa Mng’aro? Mashairi yako sijayasoma. Lakini nikuambie aibu yangu. Zamani nilipanga jalada la kijitabu cha mazishi kwa Cooper Black, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa nene kuliko zote nilizokuwa nazo. Jina la marehemu likatoka limenona, linatabasamu, utadhani tangazo la peremende. Wafiwa hawakusema neno, walinitazama tu. Nilipanga upya usiku uleule. Kama beti zako ni za mapenzi na utani, itakaa vizuri. Kama ni za maombolezo, tafuta unene wa aina nyingine, kama Ultra Bodoni ya Morris Fuller Benton ya mwaka 1928: nguzo nzito zilizounganishwa kwa nyuzi nyembamba, uso mkavu usiocheka. Sharti lake moja ni kwamba nyuzi hizo hukatika ukizipunguza, au ukiziweka nyeupe juu ya rangi nyeusi, kwa kuwa wino huzimeza kutoka pande zote mbili. Cooper Black haiogopi weusi. Nyeupe juu ya nyeusi, kwa neno moja kubwa, inang’aa kweli.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, ila jina la diwani yako linalidai: kile kipapi cha ng’, yaani ile alama ndogo ya juu inayofuata g. Kwanza hakikisha kimepinda na kichwa chake kiko juu, mkia ukitazama chini kushoto. Wakati mwingine kompyuta hukuachia kijiti kilichonyooka, na kijiti kati ya herufi zilizoviringana hivi kinakaa kama msumari kwenye godoro. Pili, fonti ikiwa nene na kubwa, kipapi hicho huacha shimo jeupe chini yake, na jina linasomeka kama maneno mawili, Mng na aro. Punguza nafasi hapo kwa mkono. Isogeze a kushoto kidogo kidogo, kisha bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua tano utazame. Shimo likiwa bado linaonekana, isogeze tena.