Kukimbia kila siku bila kupumzika: pumzi yako imetangulia, mifupa bado

Kaka, nimesoma swali lako mara mbili nikaona nisipite kimya, maana ulipo wewe leo nilikuwepo mimi mwishoni mwa 2023.

Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu alianza kukimbia baada ya kumwona Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025. Sasa ana miezi mitatu, kilomita 6 kila alfajiri, dakika kama 40, siku saba za wiki. Kitambi kimepungua, pumzi imekuja, hasikii uchovu. Mkewe anamwomba apumzike hata siku moja, yeye anaogopa akipumzika atarudi alikotoka. Anauliza kama mazoezi ya pumzi (kukimbia, baiskeli, kuruka kamba) nayo yanahitaji siku za kupumzika, au hizo ni za wanaonyanyua vyuma tu.

Kwa kukimbia, ndiyo, unazihitaji. Msikilize wifi yangu. Ila sababu siyo ile iliyotajwa sana huko juu, kwamba moyo utachoka. Moyo wa mtu mzima asiye na ugonjwa unazimudu dakika 40 za kila siku. Kinachobaki nyuma ni mifupa na kano, na hivyo huchelewa kukuambia.

Mimi nilijiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro ya Februari 2024, kilomita 21. Nilikuwa na miaka 33, na kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nakimbia na kikundi cha jogingi cha mtaani kwetu Kinondoni, Jumamosi na Jumapili tu. Nikaona siku mbili hazitanifikisha. Kuanzia katikati ya Novemba nikawa nakimbia kila siku. Saa kumi na nusu alfajiri natoka, nashuka hadi Daraja la Tanzanite, nalivuka, nageuzia upande wa ufukwe wa Coco, narudi. Kwa njia yangu ni kilomita 10. Kwenye simu nilikuwa na programu inayohesabu siku ulizokimbia mfululizo, na ile namba ilinishika. Siku ya 20, ya 30, ya 40. Mvua ikinyesha nakimbia. Tulipokwenda msibani Korogwe, shangazi zangu wako jikoni wanapika chakula cha waombolezaji, mimi saa tatu usiku nafunga kamba za raba nitoke barabarani ili namba isikatike. Mpaka leo nikiukumbuka usiku ule moyo unaniuma.

Wiki tano za mwanzo nilikuwa kama nina mabawa. Daraja lile lina urefu wa kilomita moja na kitu kidogo. Nilianza nalivuka kwa dakika 7, nikafika 5 na nusu. Hapo ndipo penye mtego, kaka, na ndipo ulipo wewe sasa hivi. Moyo na damu hujirekebisha ndani ya wiki chache tu, unasikia kabisa kwamba umekuwa mtu mwingine, unaamini mwili mzima umefika. Kumbe mfupa unahitaji miezi.

Halafu yakaanza mambo madogo madogo. Nina kawaida ya kuhesabu mapigo ya moyo nikiamka, kabla sijashuka kitandani. Yalikuwa 58. Yakawa 64, yakafika 68. Saa nane usiku macho makavu. Nilimfokea mwanangu kwa sababu ya kijiko kilichoanguka sakafuni, akanitazama kama hanijui. Na hili nawaandikia akina dada wanaosoma: hedhi ilikata Desemba, Januari nayo haikuja. Mimi nikafurahi, nikadhani mwili umekuwa mwepesi. Wakati huo nilikuwa naruka chakula cha usiku ili nipungue. Dada, hedhi ikikata na huna mimba, huku unakimbia sana na kula kidogo, mwili unakuambia chakula hakitoshi, na homoni inayolinda mifupa yako imeshuka. Usikae nalo hilo. Nenda hospitali na ulieleze bila kuona haya.

Maumivu yalianzia upande wa ndani wa muundi wa mguu wa kushoto, vidole vinne juu ya kifundo. Mwanzo yalikuja kilomita ya kwanza yakapotea. Baadaye yakawa yanabaki mpaka mwisho. Kisha yakaja hata nikishuka ngazi za ofisini. Jioni moja nilikaa ukingoni mwa kitanda nikapapasa mfupa wote toka gotini. Kulikuwa na mahali pamoja tu, papana kama sarafu ya shilingi mia, nikipagusa naruka. Mguu wa kulia, mahali palepale, nilibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe, sikusikia kitu.

Nikaenda zahanati, nikapigwa eksirei, picha ikatoka safi. Nikaambiwa ni msuli, nikapewa vidonge vya maumivu. Sikuelezwa, na sikuuliza, kwamba ufa mdogo wa mfupa, unaoletwa na kishindo cha kila siku, mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Vidonge vikazima maumivu, nami nikakimbia siku tisa zaidi juu ya mfupa uliopasuka. Siku ya 71, katikati ya daraja, nilikanyaga nikaona mguu haupo. Nilishika chuma cha pembeni, wakimbiaji wananipita, mpaka kijana mmoja nisiyemjua akarudi, akanipa bega, tukajikokota hadi upande wa Coco nikapanda bajaji. Kipimo cha MRI ndicho kilichoonyesha ufa. Magongo wiki tatu, kukimbia marufuku wiki nane. Moshi kwenye mbio zile nilikwenda, ila nilisimama kando ya barabara ya Mweka nikiwapa wenzangu maji.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia alinieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingefika huko. Mfupa ukizidiwa na kazi, haujengi kwanza. Kwanza unabomoa. Kuna chembe zinazokula mfupa wa zamani uliochoka, zikishamaliza ndipo zinakuja nyingine kujenga mpya, na mzunguko mzima unachukua kama miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo kuna kipindi hapo katikati ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi. Ni kama fundi aliyebomoa ukuta wa udongo ili ajenge wa tofali. Ukiendelea kuuegemea wakati huo, hakuna ukuta. Wewe una miezi mitatu, kaka. Piga hesabu mwenyewe uko wapi.

Na siyo uzito mdogo. Nilipokuwa nakimbia kilomita 10 kwa saa moja na dakika chache, hatua zangu zilikuwa kama 165 kwa dakika. Hizo ni zaidi ya hatua elfu kumi kila asubuhi, nusu yake mguu mmoja, na kila hatua mguu unapokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwenye baiskeli au majini hakuna kishindo hicho. Ndiyo maana huwezi kuyaweka mazoezi yote ya pumzi kwenye kapu moja.

Kuna mkuu mmoja amejibu hapo juu kwamba kupumzika ni uvivu, mbona wanajeshi hukimbia mchakamchaka kila siku. Kwa heshima yote, mkuu, ugonjwa huu wa ufa wa mfupa ulijulikana kwanza kwa wanajeshi. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba na kuumwa nyayo kwa kutembea gwaride ndefu. Eksirei haikuwepo, ikagunduliwa 1895, na ilipokuja ndipo ikaonekana kwamba ni mifupa ya nyayo iliyopasuka. Mpaka leo makuruta ni kati ya watu wanaougua zaidi, kwa sababu ileile: kijana anatoka kwao hajazoea, anapewa kazi kubwa ghafla, kila siku.

Mwingine ametaja Wakenya, kwamba wale hukimbia hata mara mbili kwa siku. Ni kweli. Lakini tazama wanakimbiaje. Ratiba ya Eliud Kipchoge, aliyeshinda Berlin 2022 kwa saa 2:01:09, imeandikwa sana: siku ngumu ni Jumanne uwanjani, Alhamisi safari ndefu ya kilomita 30 au 40, Jumamosi fatileki, yaani kubadilisha kasi, mara haraka mara taratibu. Siku za katikati anakwenda taratibu mno kwa kiwango chake. Mchana analala. Kule Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, wengi Jumapili ni kanisa na familia. Na hao wamejenga miguu kwa miaka, wengine tangu wakiwa shuleni. Sisi tunakimbia alfajiri, saa mbili tuko kwenye daladala tumesimama, jioni tunapika na kusaidia watoto masomo, tunalala saa tano. Ukichukua kilomita zao, chukua na usingizi wao.

Sasa hofu yako ya kurudi nyuma. Hii naielewa kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyonivunja mguu. Siku moja au mbili za kupumzika hazikuondolei pumzi. Inachukua kama wiki mbili za kukaa kabisa ndipo uanze kuona tofauti, na hata hapo pumzi hurudi haraka. Kuhusu afya kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, na angalau siku mbili za kuimarisha misuli. Ukikimbia dakika zako 40 siku nne tu, ni dakika 160. Umeshavuka kiwango hata cha yale ya nguvu. Zile siku tatu zinazobaki hazikuongezei kiasi unachodhani, ila zinaudai mfupa.

Kupumzika nako siyo lazima ulale siku nzima. Kutembea kila siku, hata saa nzima, ni sawa kabisa, sijawahi kusikia mtu akikatazwa. Na kama una kisukari, usikae zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi, kwa sababu faida ya zoezi moja kwenye sukari ya damu haidumu muda mrefu. Kwa mtu wa namna hiyo pumziko la kukimbia liwe siku ya kutembea. Wenzetu wanaofunga, mimi mwenyewe nikiwemo, Ramadhani naiona kama zawadi: napunguza kilomita kwa nusu, nakimbia taratibu kabla ya futari au baada ya tarawehe, na Shawwal naanza nikiwa na miguu mipya.

Ninavyofanya sasa: Jumatatu sikimbii kabisa. Jumanne na Alhamisi nakimbia, mojawapo ngumu, nyingine ya kuongea, yaani kasi ambayo unaweza kumaliza sentensi nzima bila kuhema. Jumatano naogelea au nakuwa nyumbani nafanya mazoezi ya mapaja na vigimbi. Ijumaa natembea. Jumamosi jogingi na kikundi, Jumapili naenda mbali kidogo nikiwa nimelala vizuri. Kila wiki ya nne napunguza kila kitu. Ile programu ya kuhesabu siku niliifuta. Februari 2025 nilikwenda Moshi tena, nikapanda ile barabara ya Mweka na kushuka, saa 2 na dakika 14, miguu yote miwili ikiwa mizima. Nililia pale uwanjani, sioni aibu kusema.

Kwako wewe, kaka, kama hakuna panapouma, anza na siku mbili zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu na Ijumaa. Pima mapigo yako ukiamka, wiki nzima, uandike. Yakipanda 7 au 8 juu ya kawaida siku mbili tatu mfululizo, usikimbie siku hiyo. Inaweza kuwa uchovu, na kwa mazingira yetu inaweza pia kuwa malaria inanyemelea, kwa hiyo ukisikia na homa nenda kapime. Maumivu ya misuli yaliyosambaa pajani au kwenye vigimbi siku moja baada ya zoezi yasikutishe. Ila ukiweza kuyafunika maumivu kwa ncha ya kidole kimoja, na yapo juu ya mfupa, simama siku hiyohiyo. Usijaribu kurukaruka kwa mguu huo kuhakikisha, usimeze dawa ukaendelea. Nenda kwa daktari, na eksirei ikitoka safi huku bado panauma, mwulize waziwazi kuhusu ufa wa mfupa.

Hukutaja uzito wako, umri, wala unakimbilia wapi, lami au mchanga, na raba zako zina muda gani. Ukiviandika hapa, pamoja na namba za mapigo za wiki hii, nitakaa nazo nikusaidie kupanga.