Maswali na Majibu: Mkufu wa Marijani

Maswali ya leo yanahusu kuigiza jukwaani Pudd'nhead Wilson, riwaya ya Mark Twain ya 1894. Roxy, mtumwa wa mji mdogo Missouri, Marekani, anabadilisha mwanawe na mtoto wa bwana wake, asije akauzwa mashamba ya kusini. Watoto wakishakua, mtu anauawa, na wakili Wilson anafichua ukweli mahakamani kwa alama za vidole.

Mwalimu, Roxy achezwe na mweusi au mweupe?

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kitabuni Roxy ana sehemu moja tu kati ya 16 ya damu ya Kiafrika, mwanawe moja kati ya 32. Kwa macho, ni Wazungu. Ukimweka mtoto mmoja mweusi na wa pili mweupe, mtazamaji ameshajua nani ni nani na kisa kimekufia mikononi. Bwana mwenyewe aliwatofautisha wale watoto kwa nguo: huyu melimeli laini na mkufu wa marijani, yule shati la kitani kinachokwaruza, halifiki mbali na magoti. Basi chukua waigizaji wa rangi moja, yoyote mliyo nayo, kazi iachie maleba. Roxy avue ule mkufu taratibu, amvishe wake. Ningekuwa mimi, hata muziki ningezima.

Wale mapacha wa Kiitalia tuwaondoe?

Wapunguzeni. Twain alianza na kichekesho cha mapacha walioungana, Roxy akaja akaiteka hadithi; mshono bado unaonekana. Ila kisu cha mauaji ni chao, kwa hiyo msiwafute.

Alama za vidole zitaonekanaje na watu wa nyuma?

Achaneni na projekta. Mahakamani Wilson anawaambia watu wapitishe vidole kwenye nywele, wavibandike kwenye kioo cha dirisha, naye amewapa mgongo. Kisha anageuka na kutaja wenyewe. Leteni kioo, taa ipige kwa nyuma.

Roxy tumpe lafudhi gani kwa Kiswahili?

Ya kabila la mtu, hapana! Ukumbi utacheka, na Roxy si wa kuchekwa. Tafuteni namna mbili za kusema, ya sebuleni na ya jikoni. Mrithi halisi, yule mtoto wa bwana, amelelewa na Roxy, kwa hiyo anasema kama yeye. Mwishoni anarudishiwa mali yote, hajui kusoma, na sebule ya Wazungu inamtesa. Mwekeeni kiti kizuri katikati ya jukwaa. Asikikalie.

Kibali cha kukiigiza kitabu?

Twain alifariki 1910, kitabu ni cha wote. Frank Mayo alishakipandisha jukwaani New York 1895. Mkitumia tafsiri ya mtu aliye hai, mwombeni.