Kabla hujaiita namba tasa

Usiku mmoja nilikaa na kalamu kuihangaikia 1,000,001. Nilitaka kujua kama ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nikaanza na 2, 3, 5, 7, nikaenda hivyo hivyo na tasa zote 25 zilizo chini ya 100. Kila mara baki. Kwenye 97 macho yakagoma, nikaandika kwa herufi kubwa: TASA. Asubuhi mwenzangu akaitupia jicho karatasi, akauliza, "101 umeijaribu?"

Sikuijaribu. Na 101 mara 9,901 ni 1,000,001 kamili.

Nilistahili kuchekwa. Sheria naijua tangu shule: usiache kugawanya mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Hapa ni 1,000 na chembe, na kufika huko kuna tasa 168. Mimi niliishia ya 25, na 101 ndiyo ya 26!

Ila sitakushauri uwe na subira tu. Itazame kwanza namba imeundwaje. Hii ni mraba wa 1,000 ukaongeza 1. Namba za umbo hilo zina tabia moja: ukiiweka 2 kando, kila kigawo chake tasa, kikigawanywa kwa 4, hubakiza 1. Kwa hiyo 3, 7, 11, 19, 23 na wenzao niliwasumbua bure. Chini ya 100 zinabaki 11 tu za kujaribu: 5, 13, 17, 29, 37, 41, 53, 61, 73, 89 na 97. Ya 12 ingekuwa 101, nami ningelala mapema.

Hata 101 yenyewe haihitaji kugawanya. Kata tarakimu mbili mbili kutoka kulia: 01, 00, 00, 1. Sasa toa, jumlisha, toa: 1 − 0 + 0 − 1. Ikitoka sifuri, inagawanyika.

Kuna na hili, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mwanahisabati Euler, katika karne ya 18, alitumia ukweli huu: namba witiri inayoandikika kwa njia mbili tofauti kama jumla ya miraba miwili haiwezi kuwa tasa. Yetu ni 1,000² + 1², lakini pia ni 980² + 199², yaani 960,400 na 39,601. Jumlisha mwenyewe uone. (Hiyo 980 sikuibahatisha, niliipata kwa kuzidisha 10² + 1², ambayo ni 101, na 99² + 10², ambayo ni 9,901.)

Na 9,901 je, ni tasa? Nilishika kalamu nianze upya, kisha nikaiweka chini. Kipeuo chake cha pili hakifiki 100, na kigawo chake chochote kingekuwa pia kigawo cha 1,000,001. Zile 25 za usiku ule zilikuwa zimeshanijibu.