Nimekata dawa ya presha mwenyewe, mbona sasa miguu inavimba?

MSOMAJI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 52, natumia dawa za presha huu mwaka wa tatu, amlodipini ya miligramu 5 na atenololi ya 50, zote nameza asubuhi. Kama miezi minne iliyopita nilipima nikakuta 122 kwa 78 nikasema basi nimepona, nikaanza kukata kidonge nusu nusu, baadae nikawa nameza leo kesho naruka. Nikisikia kichwa kinauma ndo naongeza amlodipini, mbili au hata tatu kwa siku mpaka kitulie. Sasa hivi jioni miguu inavimba mpaka viatu vinanibana, na usiku moyo unadunda mpaka nakaa kitandani. Kliniki ni wiki ijayo, naogopa kusema maana daktari wangu ni mkali. Je niache zote nianze upya?

JIBU: Marahaba mama, na asante kwa kuniambia yote bila kuficha. Kwanza mimi ni mfamasia sio daktari, ila hizi dawa nazishika kila siku kwahiyo nisikilize. Usiache zote. Hiyo atenololi hasa, usithubutu kuiacha ghafla, na hizo amlodipini za kichwa acha kuziongeza kuanzia leo. Alafu usisubiri wiki ijayo, nenda ukapimwe leo au kesho.

Sasa tuongee taratibu. Ile 122 kwa 78 uliyoiona haikuwa presha yako peke yako mama, ilikuwa presha yako ikiwa na dawa ndani. Dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa na wewe ukaifukuza kazi kwa sababu imefanya kazi. Nakuelewa lakini, na hauko peke yako hata kidogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2003 likasema hata huko kwenye nchi tajiri ni kama nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu wanaomeza dawa kama walivyoandikiwa.

Amlodipini ni dawa ya pole pole. Ukimeza leo, mwili unatumia masaa 30 mpaka 50 kuipunguza ifike nusu, na anayeanza kuimeza kila siku inamchukua wiki moja hivi ndo kiwango kwenye damu kitulie sehemu moja. Hata kufika kileleni kwa dozi moja ni masaa 6 mpaka 12. Kwahiyo kichwa kikikuuma saa nne asubuhi ukaongeza kidonge, ikifika mchana kikatulia unasema dawa imenisaidia, kumbe kichwa kimetulia chenyewe na dawa ndo kwanza inapanda, na kesho bado ipo na keshokutwa bado ipo, alafu unaongeza nyingine juu yake. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 10 kwa siku, wewe ukimeza tatu umefika 15. Na kuvimba miguu ndo usumbufu unaojulikana sana wa hii dawa, inatanua mishipa midogo ya damu, maji yanavuja yanakaa kwenye vifundo vya miguu, na kadri dozi inavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi. Naomba usikimbilie dawa ya kukojoza kwa sababu ya huo uvimbe, utakuwa unatibu dawa kwa dawa. Ila pia miguu huvimba kwa sababu ya moyo au figo, ndo maana lazima mtu akuangalie kwa macho, mimi siwezi kukuhakikishia kutoka hapa.

Moyo kudunda hiyo ni hadithi nyingine. Atenololi inakaa mlangoni mwa moyo inazuia ile homoni ya adrenalini isiupige moyo kasi. Sasa moyo ukizuiliwa muda mrefu unaongeza milango. Ukiruka siku moja dawa inapungua, na adrenalini inakuta milango mingi iko wazi, inaingia yote kwa mkupuo. Ndo huo usiku unaokaa kitandani. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imeshaanza kuziba bila yeye kujua, kuiacha ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Kama inatakiwa kuachwa daktari anaishusha kidogo kidogo kwa siku kadhaa au wiki, huku anakupima.

Na hicho kichwa mama, usikifanye mashine. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi popote, mtu ana 180 anapika anacheka, na mwingine kichwa kinampasuka ana 120, amelala vibaya tu.

Kuhusu daktari mkali. Niliwahi kumpokea mama mmoja dirishani, akafungua mfuko mdogo wa plastiki akanimwagia dawa zake mezani, nusu vidonge, robo, na unga unga mweupe chini, alivikata kwa kisu cha jikoni na vingine vilikuwa vile vya kutoa dawa pole pole siku nzima ambavyo havikatwi wala kusagwa, ukivikata dawa inatoka yote kwa wakati mmoja. Kwenye kadi yake dawa zilikuwa zimeongezwa mara mbili, kwa sababu kila akienda presha iko juu na kila akiulizwa unameza, anasema nameza. Hiyo ndo hofu yangu kwako. Daktari akikuta 170 na kadi inasema 5 na 50, ataona dawa zimeshindwa, ataongeza, alafu siku utakayoogopa ukaamua kumeza zote kama zilivyoandikwa presha itashuka mpaka uanguke bafuni. Kama mdomo unakuwa mzito andika kwenye karatasi, nilianza kukata lini, naruka siku ngapi, nikiumwa kichwa naongeza ngapi, mpe asome. Nusu au nzima uendelee na ipi, hilo aamue aliyeona namba yako ya leo. Na muulize kabisa kama dozi inaweza kushushwa, kuna watu wanashushiwa kweli, wamepungua uzito, wamepunguza chumvi, hakuna ubaya kuomba.

Ila kifua kikibana, pumzi ikikata, mdomo ukienda upande, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea au maneno yakikosa kutoka vizuri, hapo hakuna kusubiri kliniki, ni hospitali saa hiyohiyo.

MSOMAJI: Habari za kazi. Nimetumia prednisoloni miezi miwili, miligramu 30 kwa siku, uso ukavimba ukawa duara watu wakaanza kuniuliza. Nikaacha tangu juzi. Sasa sina nguvu kabisa, natapika na nikisimama naona giza. Ni dawa inatoka mwilini?

JIBU: Huyu ndugu tulimpigia simu siku ileile ujumbe ulipofika, tukamwambia aende hospitali hapohapo na aseme neno prednisoloni mlangoni. Naandika hapa kwa ajili ya mwingine anayeangalia uso wake kwenye kioo na kufikiria kuacha.

Sio dawa inatoka mwilini. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari na kukusimamisha ukiumwa. Prednisoloni inafanya kazi ya homoni hiyo, sasa tezi ikiona kazi inafanywa na mwingine inalala. Ukishatumia zaidi ya wiki tatu hivi, ukiacha ghafla tezi bado imelala na dawa haipo, mwili unabaki mtupu. Hali hiyo inaua watu. Ndo maana dozi inashushwa kwa ngazi, na ikifika kwenye kiwango kidogo ngazi zinakuwa fupi zaidi na za pole pole, watu wengi wanachoka hapo mwishoni wanaona ni kidogo tu hiki ngoja niache, na hapo ndo tezi inaanza kuamka. Uso unapungua dozi ikishuka. Inauma kuulizwa ulizwa najua, tena sana, lakini uvumilie.

MSOMAJI: Mdogo wangu ana kifafa, anatumia fenitoini 300 kwa siku. Mwezi uliopita alianguka mara mbili tukaamua nyumbani kumwongezea moja ya 100. Sasa anatembea kama mlevi na macho yanachezacheza. Tumpunguzie turudi 300?

JIBU: Mpelekeni leo, na msiizime dawa ghafla nyumbani maana anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kuyumba. Pale wanaweza kumpima kiwango cha dawa kwenye damu na kusema inarudi ngapi na lini.

Fenitoini haina hesabu ya kawaida. Ini linaivunja kwa uwezo wenye kikomo, kama mlango wa basi, watu wakizidi hawapiti haraka zaidi, wanajazana tu. Kutoka 300 kwenda 400 unaona umeongeza theluthi, lakini kwenye damu inaweza kupanda mara mbili. Ndo maana madaktari wakikaribia kiwango kinachotosha huongeza kwa 25 au 50. Na mkifika waambieni pia kama kuna siku alikuwa anasahau, au kama alianza dawa nyingine yoyote ile mwezi alioanguka, hata ya mafua, maana inawezekana 300 haikuwa na kosa lolote.

MSOMAJI: Nikisahau dozi ya asubuhi, jioni nimeze mbili?

JIBU: Hapana dada. Ukikumbuka mapema meza, ukikumbuka muda wa inayofuata umekaribia iruke hiyo uendelee na inayofuata kama kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango, insulini na dawa za kuzuia damu kuganda zina masharti yake, kwa hizo soma karatasi iliyoko ndani ya boksi au piga simu ulikochukulia kabla hujafanya chochote.