Jaketi la kuvulia: la sponji au la kujaa hewa?

Mkuu, nimekuelewa hivi: mnavua wawili kwenye mtumbwi, hujui uchukue jaketi la kuokoa maisha la sponji au lile jembamba linalojaa hewa, na mwenzako amekutisha kwamba lenye namba 50 ni la kuchezea tu. Nitajibu kwa niliyopitia, maana nimeshavaa yote mawili na moja karibu liniponze.

Tuanze na hiyo namba. Ni nyutoni, yaani nguvu ya jaketi kukuinua, na kila nyutoni 10 hesabu kama kilo moja. Kwa hiyo 50 ni kilo tano. Usizidharau. Ukiwa majini maji yenyewe yanabeba sehemu kubwa ya mwili wako, zinabaki kilo chache tu za kuinuliwa. La 50 litakuweka juu. Ila mwenzako ana hoja mahali pamoja: la 50 halikugeuzi. Ukigonga kichwa kwenye ukingo wa chombo ukaanguka umezimia kifudifudi, utaelea vizuri kabisa huku pua iko majini. La 100 limetengenezwa likulaze chali maji yakiwa shwari, 150 ni la maji ya wazi yenye mawimbi, na 275 ni la watu wenye mavazi mazito na zana mwilini. Hata la 100 na la 150, ukiwa na nguo nzito usiyaamini kwa upofu. Daraja hizo ni za kiwango cha kimataifa cha ISO 12402. Utakikuta kwenye lebo ya ndani, pamoja na uzito wa mvaaji. Nchi nyingine zina viwango vyake, sawa, lakini jaketi lisilo na lebo yoyote ya kueleweka liache hapohapo.

Sasa kisa changu. Nilikuwa na jaketi zuri la sponji, la 100. Joto likanishinda, nikalegeza mikanda yote na zipu nikaishusha nusu. Tunavuta wavu, ukakwama chini, nami nikauvuta kwa mgongo. Ukaachia ghafla nikaenda kinyumenyume, pwaa, upande wa pili. Ninachokumbuka ni giza. Jaketi lilipanda lote mpaka masikioni, kola ikanifunika mdomo, na mimi nimening'inia chini yake kwa makwapa. Jaketi linaelea, mimi sielei! Mikono yote miwili ilikuwa inalivuta chini ili nipumue, hapakuwa na wa kushika mtumbwi. Mwenzangu ndiye aliyenikamata begani.

Tangu siku ile sinunui jaketi kwa macho. Nalivaa juu ya nguo ninazovulia, nafunga kila kitu, nakaa kama niko kwenye ubao wa mtumbwi, nanyoosha mikono juu, halafu namwomba mtu ashike mabega ya jaketi avute kwenda juu. Likifika masikioni si lako, hata kama lebo inataja uzito wako. Lenye mkanda wa kupita katikati ya mapaja halipandi hivyo. Watu wanaucheka, ila mimi naufunga. Kisha fanya kama unavuta wavu na kupiga kafi. Kama linakukwaruza kwapani hapo dukani, majini utalivua kabla jua halijapanda.

Na ukilivua ndiyo basi. Kuna wanaosema nalo lipo chini ya ubao, mambo yakiharibika nitalivaa. Tulijaribu siku moja kwa makusudi, maji ya kifuani, yametulia kama ya kwenye beseni. Nikiingiza mkono mmoja upande wa pili unapinduka, nikiukamata ule wa kwanza unachomoka. Nilifanikiwa kuingiza mikono, bizimu sikufunga hata moja, na hapo sikuwa na hofu wala wimbi. Kama maji yenu ni ya baridi ni vibaya zaidi: dakika ya kwanza unahema bila kujizuia, na baada ya dakika kumi hivi vidole havikutii tena.

Haya, la kujaa hewa. Ni jepesi, halina joto, unasahau kama umelivaa. Ndani lina mtungi mdogo wa kaboni dioksidi. Unavuta kamba, sindano inautoboa, linajaa. Yale ya kujifyatua yenyewe yana kidonge kinachoyeyuka kikilowa, mengine yanasubiri mgandamizo wa maji. Tatizo ni kwamba kwenye mtumbwi mdogo kulowa ni kila siku. Jamaa mmoja lilimfyatukia akiwa anakata chambo, wimbi dogo tu lilimrukia. Tulicheka, yeye hakucheka, maana mtungi ukishatoboka jaketi ni kitambaa tu mpaka ununue mwingine. Ongeza ndoano, visu na miiba ya samaki: tundu usiloliona linatosha kukumaliza.

Halafu linataka matunzo. Mtungi hulegea kwa mtikisiko, kwa hiyo unaukaza kwa mkono kila unapotoka. Unaupima kwenye mizani ulinganishe na uzito uliochongwa juu yake. Mara kwa mara unalijaza kwa mdomo na kuliacha usiku kucha uone kama linashika hewa. Jiulize kwa ukweli kama utafanya hayo. Mimi nilifanya miezi miwili. Na asiyejua kuogelea asitegemee la kuvuta kamba. Mtu akishikwa na taharuki hiyo kamba haioni.

Kwa hali yenu ningechukua la sponji bila kusita. Wote mkiwa waogeleaji, mnavua mchana na karibu na ufuko, la 50 lililokatwa fupi na lenye matundu mapana ya mikono linatosha, na mtalivaa kutwa nzima. Mmoja wenu akiwa hajui kuogelea, au siku moja ukitoka peke yako, au usiku, panda hadi 100 la sponji na uvumilie joto. Mbele liwe bapa, mikanda isining'inie, wavu unapenda sana kunasa vitu hivyo. Rangi ni chungwa au njano iliyokoza. Bluu inapendeza nchi kavu tu. Kichwa cha mtu majini kwa mbali ni kama kibuyu. Filimbi ifungwe kwa uzi mfupi, utepe wa kung'aa uwe mabegani, na kwa usiku ongeza taa ndogo.

Likishakuwa lako, usilikalie. Najua ubao ni mgumu, lakini sponji ikigandamizwa kila siku inanywea. Ibonye kwa kidole gumba: isiporudi, au kitambaa kikichanika ukikifinya, limekwisha. Lisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini.

Nitajie uzito wenu wote wawili na kama mna mpango wa kuvua usiku. Mkipishana sana, kila mtu awe na lake na msibadilishane.