Mumeo Hana Sweta, Wewe Una Madonge 64 ya Uzi

*Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka 11, tunaishi Njombe, na nafuma tangu nikiwa sekondari. Mwezi wa tatu nilikwenda Istanbul na wenzangu wawili kufuata nguo za watoto za dukani. Mtaji tulichanga nusu kwa nusu na mume wangu, yeye alitoa hela ya viazi. Huko nikanunua na uzi kidogo. Nguo nilirudi nazo chache kwa sababu bei zilikuwa zimepanda. Tangu hapo mume wangu amenuna. Nyuzi zangu zote, madonge 64 ya gramu mia mia (20 ya sufu iliyochanganywa, 24 ya yale membamba yenye manyoya, 20 ya pamba), amezihamishia stoo ya mahindi, na amesema hakuna uzi mwingine kuingia ndani mpaka nimalize vipande saba nilivyoanza: sweta yake isiyo na mikono (nilinunua pakiti moja ya madonge matano, nikaiacha hamu ilipoisha), blanketi la mtoto wa wifi yangu ambaye sasa anatembea, soksi moja, shali mbili, kofia, na sweta ya binti yangu iliyokataa umbo (lebo ilisema vitanzi 22 kwa sentimita 10, nikaanza 70, kumbe mkono wangu hutoa 19). Mama mkwe naye amedakia kwamba nina nyuzi za kuvisha kijiji huku mwanawe anatetemeka. Naona wananiulia kipaji. Nifanyeje? Mfumaji mwenye huzuni.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kununiwa. Mtu anayeipenda kazi ya mikono yake huumia ikitupwa stoo kama takataka. Pole hiyo inatosha.

Umeandika "uzi kidogo", kisha ukataja madonge 64. Hizo ni kilo sita na gramu mia nne, ndani ya begi lililokwenda kufuata nguo za biashara. Bei ya uzi hukuitaja popote. Unasema nguo zilipanda bei. Mimi nasoma barua yako na kuona kwamba sehemu ya mtaji wa nguo iliishia mtaa wa maduka wa Mahmutpaşa huko Istanbul, pale Kürkçü Han, jengo la kale lililojaa maduka ya uzi, ambako uzi mwingi hufungwa madonge matano kwa pakiti na mtu akianza kuchukua rangi hajui pa kukomea. Kama nimekosea, nitumie risiti. Kama sijakosea, basi mumeo hajanuna kwa sababu ya kipaji chako. Amenuna kwa sababu ya viazi vyake.

Chukua kalamu tuhesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Sufu ile iliyochanganywa, kama lebo yake inasoma mita 240 kwa gramu 100, madonge 20 ni mita 4,800. Membamba yenye manyoya kwa kawaida huwa na mita 550, kwa hiyo 24 ni mita 13,200. Pamba ya mita 330 mara 20 ni mita 6,600. Jumla mita 24,600. Mita moja ya uzi wa unene wa kati hubeba vitanzi 65 hivi, na mfumaji mzoefu hufuma vitanzi 20 hadi 25 kwa dakika, yaani mita moja ni dakika tatu. Hapo una saa zaidi ya 1,200 za kazi. Ukifuma saa moja kila jioni bila kuruka hata siku moja, utamaliza baada ya miaka mitatu na miezi kadhaa. Na hapo sijahesabu kufumua, kushona vipande wala kuficha ncha. Mumeo alipokwambia usilete uzi mwingine hakukuonea hata kidogo.

Mama mkwe naye usimchukie. Amesema neno kali, lakini ni la kweli. Juni na Julai Njombe si mahali pa mwanamume kuvaa sweta isiyo na mikono wakati mkewe ni fundi.

Sasa sweta yenyewe. Unasema uliiacha kwa sababu "hamu iliisha". Nadhani kilichoisha ni uzi. Ulinunua pakiti moja ya madonge matano, mita 1,200, na sweta ya mwanamume mwenye kifua cha sentimita 104 hivi, ya mikono mirefu, hutaka mita 1,300 hadi 1,400. Kipande cha mbele na cha nyuma hula gramu 340 kwa wastani, unabaki na 160, na mkono mmoja peke yake unataka kama 110. Hapo ndipo wafumaji wengi hukwama, wakaona aibu kusema, wakaanza kitu kingine chenye uzi wa kutosha. Chanzo cha vipande saba ni hicho: kuanza bila kupima.

Fanya hivi. Weka uzi uliobaki kwenye mizani ya jikoni na uugawe sawasawa, donge moja kwa kila mkono. Shona mabega kwanza, kisha okota vitanzi kuzunguka tundu la kwapa na ufume kushuka chini, usianzie kwenye kifundo. Ukianzia juu, upungufu utaangukia sehemu ya chini ya mkono, na hapo unaweza kuweka rangi nyingine. Mikono yote miwili iwe kwenye sindano moja ndefu kwa wakati mmoja, kila mmoja na donge lake, ili punguzo la vitanzi lifanane na usije ukamaliza mmoja ukauchoka wa pili. Ile rangi ya pili uitie pia shingoni, ionekane umekusudia. Usitafute donge jingine la "rangi ileile" kwa macho: kwenye lebo kuna namba ya rangi na namba ya loti, yaani mkupuo uliotiwa rangi pamoja, na loti mbili za kijani kimoja hutofautiana mchana kweupe hata kama taa ya dukani ilizificha. Ukilazimika kuzichanganya, fuma mistari miwili ya donge hili na miwili ya lile kwa kupokezana, mpaka jicho lisipate mpaka.

Vipande vingine sita nitakuhukumia haraka. Blanketi la mtoto wa wifi yako, ambaye unasema sasa anatembea, ulilianza kwa uzi wa manyoya. Uzi huo haumfai mtoto mchanga hata siku moja, unapukutika na kuingia mdomoni. Funga ukingo hapo ulipofika liwe shali la wifi, na umpelekee wiki hii. Soksi moja, fuma ya pili au ifumue leo. Shali mbili, maliza iliyovuka nusu. Nyingine, kama ni ya uzi wa manyoya, usihangaike kuifumua, nywele zake hushikana na utakata uzi kila baada ya mistari michache. Kofia ni kazi ya jioni mbili, huna udhuru.

Ile sweta ya binti yako "iliyokataa umbo" haikukataa. Lebo ilisema vitanzi 22 kwa sentimita 10, ukaanza vitanzi 70 ukitegemea upana wa sentimita 32. Mkono wako unafuma kwa kulegeza na unatoa vitanzi 19 kwa sentimita 10, na 70 kwa kipimo hicho ni karibu sentimita 37. Mbele na nyuma, umezidisha sentimita 10. Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, ndipo upime katikati yake. Kisha fumua sweta: anzia mwisho ulipofungia, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa kamba ya pamba, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, utundike bila kukamua kwa kusokota. Usiufume ukiwa bado umejikunja, vitanzi vitatoka vimepinda.

Jambo moja mumeo amekosea. Stoo ya mahindi si mahali pa uzi. Panya watautafuna wajengee viota, na ile dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka haitakiwi kugusa nguo atakayovaa mtoto. Sufu nayo huliwa na viwavi vya nondo; pamba na nyuzi za viwandani hawazitamani sana. Anika uzi mpaka ukauke kabisa, uutie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, halafu kwenye ndoo ya mfuniko. Karafuu hupunguza nondo lakini haziui mayai. Ukiona uzi umekatikakatika, mfuko wake ukae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Na hapa niseme na wengine mnaosoma, kwa sababu barua za namna hii zimezidi. Mke anashusha mzigo kwa jirani, anauingiza ndani kidogo kidogo mume akiwa kazini. Mume naye anakopa kwa simu, anaweka nywila mpya. Wote wawili wanasema "ni hela yangu". Ndoa za siku hizi zina vikoba, zina simu mbili mbili, zina akaunti ya kila mtu, lakini hakuna jioni hata moja ya kukaa na kutajiana kiasi. Halafu mnaniuliza mbona mwenzangu amebadilika. Hajabadilika. Amegundua.

Rudi kwako, mwanangu. Yale membamba 24 ni mengi kupita mahitaji ya nyumba yoyote. Shali kubwa hula madonge mawili. Baki na sita, 18 yauze kwa wafumaji wa Makambako na Mbeya, yakiwa na lebo zake na yamepangwa kwa loti. Bei iwe ile uliyonunulia pamoja na sehemu ya gharama ya mzigo, usitafute faida. Hela hiyo irudi kwenye mtaji wa nguo za watoto, mbele ya macho yake.

Lakini usianze na kuuza. Leo usiku, watoto wakilala, mtajie kiasi kamili ulichotumia kwenye uzi, kwa lira na kwa shilingi, bila "lakini" wala habari za kipaji. Akikasirika mwache amalize. Kesho mwombe msaidiane kuutoa uzi stoo, na umpime urefu wa mkono, kutoka kwapani hadi kifundoni, kiwiko akiwa amekikunja kidogo.