Mwanangu, kuhusu rafiki yako aliyerudi tena

Mwanangu,

Meseji yako niliiona jana usiku nikaanza kujibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta, mwisho nikasema hii ngoja niiandike nikiwa nimetulia. Umeniuliza kuhusu rafiki yako anayepigwa na mume wake, kwamba ulimpokea akakaa kwako wiki mbili halafu karudi kwa mume, na hii ni mara ya nne, sasa we umechoka na unataka kujua kama ni vibaya ukimwacha ajionee mwenyewe. Ukamalizia "mama mi nishaishiwa maneno."

Kuchoka sikulaumu kabisa. Unamlaza mtu kwako, unamsikiliza mpaka kunakucha, unalia naye, alafu siku chache unaona kaweka picha yuko na mume wanacheka, unajiona we ndo mjinga. Lakini kuna kitu sijawahi kukwambia. Unajua niliachana na baba yako we ukiwa na miaka 3, hilo unalijua, ila usichojua ni kwamba siku ile ilikuwa mara ya tano naondoka. Mara nne nilikuwa nimesharudi.

Na kila nikirudi nilikuwa napoteza mtu. Ndugu yangu mmoja, simtaji, aliniambia ukirudi huko usinipigie tena, basi na mimi sikumpigia kweli, hata usiku ule niliopasuliwa mdomo nilikuwa na namba yake kichwani na sikumpigia, kwa sababu si alishasema. Aliyebaki ni mmoja tu, yule unayemwita mama mkubwa. Kumbe ulidhani ni dada yangu eh? Hatuna undugu wowote, tulijuana kwenye foleni ya kliniki wakati nina mimba yako, alikuwa nesi pale.

Unaniuliza kwa nini mtu anarudi. Siri ya mtungi aijuaye kata mwanangu. Hela zote zilikuwa mkononi kwa baba yako, hilo moja. Alikuwa ananiambia nikiondoka mtoto simwoni tena. Na akiomba msamaha anaomba kwelikweli, analia, wiki kadhaa anakuwa yule mtu niliyempenda, na mimi namsubiri yule abaki. Lakini kubwa kuliko yote, na hili watu hawalielewi, nikiwa nje ndo nilikuwa naogopa zaidi. Ndani ya nyumba angalau najua yuko wapi, nikisikia tu anavyoweka funguo mezani najua leo itakuwaje. Nikiwa kwa watu kila hatua ya nje nadhani ni yeye. Na sikuwa naota, wanaofanya kazi na wanawake waliopitia haya wanalijua vizuri, hatari ya kuuawa inapanda sana pale mtu anapoondoka au akishatamka kwamba ataondoka. Kwa hiyo we ukimwambia rafiki yako "toka leo, sasa hivi" unamwambia jambo zuri kwa njia inayoweza kumuua. Kutoka kunapangwa. Ila kama leo hii kamshikia kisu hapo hakuna kupanga, ni kukimbia na kupiga simu ya dharura.

Mama mkubwa hakuniambia hata siku moja achana naye. Aliniuliza swali moja tu ambalo nililiona la ajabu, ameshawahi kukukaba shingo? Nikamwambia mara moja, tena kidogo tu, haikuacha hata alama. Uso wake ulibadilika. Ndo akanieleza kwamba kukabwa siyo kama kofi, unaweza kuumia ndani bila alama yoyote nje na madhara yakaja baadaye, na mwanaume aliyewahi kumkaba mke wake uwezekano wa kuja kumuua unakuwa mkubwa zaidi. Ebu muulize rafiki yako, kwa upole, mkiwa wawili tu. Akisema ndiyo, hata kama anacheka, aonwe na daktari na kwenye mipango yenu msicheleweshe.

Alichofanya mama mkubwa ni vitu vidogovidogo. Alinitunzia begi kwake, cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho changu, nguo zako mbili, na hela nilizokuwa nachomoa kidogo kidogo. Alikuwa na daftari, kila nikimsimulia anaandika tarehe na kilichotokea na nimeumia wapi, mi nikaona anapoteza muda, kumbe kesi ilipofika mahakamani lile daftari lilisaidia kuliko machozi yangu. Na tulikuwa na neno letu, nikimpigia nikauliza "ile pasi yangu umeshamaliza?" maana yake njoo au ita polisi. Pasi yenyewe haikuwepo.

Nyie sasa hivi mna shida ambayo sisi hatukuwa nayo, simu. Mume anaweza kuwa anasoma meseji zake zote au anamwona alipo, kwa hiyo mambo ya begi na mipango usimwandikie, ongea naye uso kwa uso, au atumie simu ya mtu mwingine.

Kitu kingine, msikimbilie kuwakalisha wote wawili kwa wazee wasuluhishwe. Tulikalishwa. Nikasema ukweli wote mbele yake, wazee wakafurahi yameisha, na usiku ule ndo nililipia kila neno. Akitaka kuongea na mtu aongee peke yake, na mshauri, au zile namba za msaada za wanaopitia ukatili, nchi nyingi zinazo, na akipiga halazimishwi kuondoka wala kushtaki, anasikilizwa tu na kuelekezwa.

Na kama amelazimishwa kimwili, najua ni mumewe lakini kulazimishwa ni kulazimishwa, mwambie hospitali asichelewe, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, na za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Nguo alizovaa asifue. Akiweza asioge kwanza mpaka apimwe, lakini hata kama kashaoga aende tu.

Anaona aibu sana huyo, nakuhakikishia, anadhani ni yeye peke yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupitia ukatili wa kimwili au wa kingono. Na wanaume wanaopigwa pia wapo, wao aibu ndo inawaziba mdomo kabisa.

Sasa swali lako. Usimwache, ila pumzika. Siyo lazima usikilize kila usiku, unaweza kumwambia leo siwezi tuongee kesho, na kesho ukampigia kweli. Kwenda kwake peke yako kugombana na yule mwanaume nakukataza, hapo ni polisi. Leo mtumie kitu kifupi cha kawaida, msalimie, mwambie umemkumbuka, mume usimtaje kabisa. Asipojibu usimfuate kwa meseji kumi, huenda simu siyo yeye aliyeishika.

Mama mkubwa nimemgusia bila kutaja jina la mtu. Kasema ukikwama umpigie hata saa nane ya usiku, mpaka leo simu hazimi.

Mama yako